Kabla Hujanunua Transfa ya Mtumba

Wiki iliyopita mteja mmoja alishuka kutoka milima ya Amani, akaingia gereji kwetu hapa Tanga akiwa na transfa ya mtumba nyuma ya pikapu yake, akaniomba niifunge. Transfa ni kisanduku cha gia kinachogawa nguvu ya injini kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Fowili, yaani kuvuta kwa magurudumu yote manne, ilikuwa haiingii, na alikuwa ameambiwa kwamba transfa imekufa. Aliyemwambia hakuwa ameingia chini ya gari hata mara moja. Kosa tulilolikuta ni mpira mwembamba wa vakyumu (bomba la kunyonya hewa) uliopasuka, ambao urefu wake hauzidi kiganja. Nimekutana na jambo hili mara nyingi mno, na linaniuma kila mara, kwa kuwa fedha inayopotea ni ya mtu anayelitegemea gari hilo kuteremsha iliki yake wakati wa masika.

Transfa ni chombo kigumu. Inaweza kufa, hasa ikiendeshwa bila oili au mnyororo wake ukilegea, lakini mara nyingi hutoa sauti kwanza. Haifai kuwa mtuhumiwa wa kwanza.

Kwanza ni lazima mwenye gari aeleze anakusudia nini anaposema haiingii, kwa sababu mkono wa transfa unaokataa kusogea ni tatizo moja, taa ya fowili kwenye dashibodi isiyowaka ni tatizo jingine, na taa iliyowaka huku magurudumu ya mbele hayavuti ni tatizo la tatu. Mkono ukikataa kuingia 4L (fowili ya mwendo wa polepole), hakikisha gari limesimama na gia kuu iko nyutro. Ukikataa kutoka 4H (fowili ya mwendo wa kawaida) baada ya kuendesha kwenye lami, hakuna kilichovunjika: gari linapokata kona, magurudumu ya mbele husafiri njia ndefu kuliko ya nyuma, na kwa kuwa lami haiyaruhusu kuteleza, mfumo mzima hujikaza. Rudi nyuma mita chache moja kwa moja na utaachia. Matairi ya mbele yenye kimo tofauti na ya nyuma huleta mkazo huohuo, hata kwenye barabara iliyonyooka.

Sasa nije kwenye taa, ambayo ndiyo inayowapoteza watu wengi, wakiwamo mafundi wenzangu. Katika magari mengi ya zamani swichi yake imefungwa kwenye transfa, na habari inayoitoa ni moja tu, kwamba transfa imeiunganisha propela ya mbele, yaani mhimili unaopeleka nguvu mbele kutoka kwenye transfa. Mbele ya propela kuna difu inayogawa nguvu kwa magurudumu mawili, kuna shafti mbili za kuyafikia, kuna habu mbili zinazofunga shafti na magurudumu, na taa haijui lolote kuhusu vitu hivyo. Habu zote mbili zikiwa kwenye FREE, yaani hazijafungwa, taa itawaka vizuri kabisa na gari litabaki kwenye tope likisukumwa na nyuma peke yake. Vilevile, swichi ikifa, taa haitawaka ingawa fowili imeingia na inafanya kazi. Kumhukumia mtu transfa kwa kutazama dashibodi ni kosa ambalo siwezi kulinyamazia tena.

Kwa gari lenye habu za kufunga kwa mkono, jaribio ni hili. Zima injini, acha gari kwenye gia ya kwanza, zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe, ingiza 4H, funga habu zote mbili, kisha inua gurudumu moja tu la mbele na uliwekee stendi. Lizungushe kwa mkono. Linapaswa kukataa baada ya kucheza kidogo. Likizunguka, muombe mtu aendelee kulizungusha nawe utazame chini. Shafti ikiwa imesimama, habu ya upande huo haifungi. Shafti ikizunguka huku propela imetulia, kosa liko upande wa pili ambao bado uko chini, kwa sababu difu ya kawaida hupitisha mzunguko kwenda kule kusiko na kizuizi. Hapa ndipo wengi hufungua habu nzima isiyo na hatia. Propela nayo ikizunguka, basi sasa, na sasa tu, tuizungumzie transfa.

Habu za magari ya pwani hufa kwa kutotumika. Chumvi na unyevu huingia, na habu isiyogeuzwa kwa miaka miwili hushika kutu ndani. Dawa ya wengi ni kuijaza grisi hadi ifurike, nayo ni dawa mbaya, kwa kuwa grisi nyingi huzuia meno yasiteleze kwenda mahali pake. Safisha, kausha, paka tabaka jembamba.

Kwa magari ambayo difu ya mbele hujiunga kwa vakyumu, anza na mipira: ipapase yote, hasa sehemu iliyo karibu na joto la injini. Katika injini nyingi za dizeli vakyumu hutoka kwenye pampu iliyo nyuma ya alternata, nayo ndiyo inayosaidia breki, hivyo pedali ya breki ikiwa ngumu pia, angalia pampu kabla ya kitu kingine. Ukichomoa mpira kwenye difu na kunyonya tundu lake kupitia kipande kisafi cha mpira, kiwambo, yaani utando wa mpira ulio ndani, kinapaswa kushikilia. Kikivuja, kimepasuka.

Kwa mota za umeme zinazosogeza transfa, nakiri kwamba imani yangu ni ndogo. Nimewahi kufungua mota, nikasafisha vigusio vyake, fowili ikaingia tangu siku hiyo, lakini siwezi kuapa kuwa ni usafi ulioiponya, maana katika kazi hiyohiyo nilichomoa na kurudisha soketi zote. Siku hizi huanza na fyuzi na soketi, kisha hulipeleka gari barabarani kabla sijagusa mota.

Mteja wa Amani aliondoka na mpira mpya. Transfa yake ya mtumba bado iko hapa gereji, nasi tunamsaidia kumtafuta muuzaji ili airudishe.