Pax Africana: maana ya dhana ya Ali Mazrui

Pax Africana ni dhana inayosema kwamba amani ya Afrika ilindwe na Waafrika wenyewe. Nchi moja ikichafuka, wa kwanza kuitwa awe jirani Mwafrika, si London, Paris, Washington wala Moscow. Aliyeipa dhana hii jina na uzito wa kitaaluma ni Profesa Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa mwaka 1933, katika kitabu chake cha mwaka 1967, Towards a Pax Africana. Jina aliligeuza kutoka Pax Romana na Pax Britannica, yaani amani ya Kirumi na amani ya Kiingereza, zama ambazo dola moja kubwa ilizituliza nchi za wengine kwa nguvu zake.

Siku hizi dhana hii hutajwa kama kaulimbiu: "suluhisho la Kiafrika kwa matatizo ya Kiafrika". Kaulimbiu hiyo imechujuka, maana hata kiongozi anayewakandamiza watu wake huikimbilia pindi anapokosolewa kutoka nje. Swali la Mazrui lilikuwa gumu zaidi: nani ana haki ya kuingilia mambo ya Waafrika, na haki hiyo ameipata wapi?

Turudi Dar es Salaam, Januari 1964. Usiku wa kuamkia tarehe 20, askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito waliasi. Walitaka mshahara bora, na walitaka maofisa Waingereza waondoke. Siku chache baadaye askari wa Uganda nao wakaasi kule Jinja, kisha wa Kenya pale Lanet, nchi ambayo ilikuwa haijatimiza hata miezi miwili ya uhuru. Serikali zote tatu ziliomba msaada kwa Mwingereza yuleyule aliyekuwa ametoka kushusha bendera yake. Tarehe 25 makomando wa Uingereza walishuka kwa helikopta kutoka meli ya kivita na kuzima uasi wa Colito.

Mwalimu Nyerere aliona fedheha. Mwezi uliofuata aliitisha mkutano wa dharura wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) hapo hapo Dar es Salaam, na hatimaye wanajeshi wa Nigeria wakaja kushika nafasi ya Waingereza wakati jeshi jipya, JWTZ, likiundwa.

Hapo ndipo ilipo nadharia yenyewe. Kwa anayepima mambo kwa nguvu za kijeshi tu, hakuna kilichobadilika: wageni wenye bunduki waliondoka, wageni wengine wenye bunduki wakaingia. Lakini kila mtu aliyekuwepo alijua kwamba kimebadilika kitu kikubwa. Mazrui alikipa kitu hicho maelezo. Aliona kwamba katika fikra za wapigania uhuru bara zima lilikuwa na mamlaka yake, hivi kwamba Mnigeria aliyelinda Dar es Salaam hakuwa mgeni kwa namna alivyokuwa Mwingereza. Aliona pia kwamba uhuru ulipimwa kwa rangi: kutawaliwa na mtu wa rangi nyingine kuliitwa ukoloni, na kutawaliwa vibaya na mtu wa rangi yako hakukuitwa hivyo. Hili la pili hakulisema kwa kusifu. Alikuwa msomi anayeeleza jinsi watu wanavyofikiri, na aliona hatari iliyomo.

Waswahili husema kinyozi hajinyoi. Mazrui, Mswahili wa Mombasa, alishikilia kinyume chake: bara lisilojinyoa lenyewe litaendelea kunyolewa na wengine.

Msimamo huu ulimweka pembeni kidogo katika taaluma ya uhusiano wa kimataifa, ambayo kwa sehemu kubwa ilitawaliwa na vyuo vikuu vya Marekani. Mwaka 1979 msomi wa Marekani, Kenneth Waltz, alitoa kitabu kilichoeleza siasa za dunia kwa jinsi nguvu zilivyogawanyika kati ya dola kubwa. Nchi dhaifu humo karibu hazionekani. Mwaka huohuo Mazrui alitoa mihadhara ya Reith, mihadhara ya kila mwaka ya redio ya BBC, akiitazama dunia hiyohiyo kutoka Afrika. Wote wawili walipata kutetea jambo lililowashtua wengi, kwamba silaha za nyuklia zienee kwa nchi nyingine. Waltz aliamini zingeleta tahadhari na utulivu. Mazrui alitaka Afrika izipate ili wakubwa waingiwe na hofu, hatimaye waziteketeze zote, zao zikiwemo. Sikubaliani naye hapa, lakini tofauti hiyo inaonyesha alichokuwa akikitafuta: usawa wa heshima.

Njia yake ya kitaaluma ilipita Manchester, Columbia na Oxford, alikopata shahada ya uzamivu mwaka 1966. Wakati huo tayari alikuwa profesa Makerere, akiwa na umri wa miaka thelathini na kitu. Utawala wa Idi Amin ulimfanya aondoke. Alifundisha Chuo Kikuu cha Michigan kuanzia 1974, kisha Binghamton, New York, hadi alipofariki Oktoba 2014 na kurudishwa kuzikwa Mombasa.

Amin huyo aling'olewa Aprili 1979 na jeshi la Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda. Kwa macho yangu hiyo ilikuwa Pax Africana kwa vitendo, ila katika kikao cha OAU kule Monrovia baadhi ya viongozi waliilaumu Tanzania, kwa sababu mkataba wa 1963 ulikataza kuingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine. Dhana ilitaka jirani aingie. Sheria ya bara ilimzuia.

Mauaji ya kimbari ya Rwanda mwaka 1994 yaliuweka ugonjwa huo hadharani. Mazrui alipendekeza mataifa makubwa ya Afrika yasimamie kwa muda nchi zilizosambaratika. Msomi Archie Mafeje wa Afrika Kusini alimjibu kwa ukali kwamba huo ni ukoloni, hata ukifanywa na Waafrika. Naona Mafeje aligusa udhaifu halisi: dhana inaeleza vizuri nani asije kuliko inavyoeleza Mwafrika yupi aje na nani amdhibiti.

Sheria ilibadilika hata hivyo. Ibara ya 4(h) ya mkataba ulioanzisha Umoja wa Afrika, uliopitishwa mwaka 2000, inaupa Umoja haki ya kuingilia kati panapotokea uhalifu wa kivita, mauaji ya kimbari au uhalifu dhidi ya ubinadamu. Mwaka 2003 Umoja ulipeleka kikosi Burundi. Machi 2008 askari wa Tanzania na Sudan walisaidia jeshi la Komoro kumwondoa Mohamed Bacar aliyeng'ang'ania madaraka katika kisiwa cha Anjouan.

Somalia ndiyo imetoa mtihani mrefu zaidi. Tangu Machi 2007, Waganda wakitangulia na Warundi wakifuata, askari wa vikosi vya Umoja wa Afrika wamekufa Mogadishu na kwingineko, lakini kwa miaka mingi posho zao zimelipwa kwa fedha za Umoja wa Ulaya. Damu ni ya Kiafrika na hundi hutoka Brussels. Desemba 2023 Baraza la Usalama lilipitisha azimio 2719 linaloruhusu Umoja wa Mataifa kugharimia hadi asilimia 75 ya bajeti ya operesheni za aina hii, kila moja ikiamuliwa peke yake, na baraza hilo bado halina kiti cha kudumu cha Afrika.