Umbali wa Ndege Kutoka Mtwara: Yasemwayo na Yaliyo Kweli

"Comoro ni ng'ambo, Dar ni hapo tu." Wengi hapa Mtwara wanaamini hivyo, na ramani inawasuta. Kwa mstari ulionyooka, kutoka uwanja wetu wa ndege hadi Moroni, mji mkuu wa Comoro, ni kama kilomita 360. Hadi Dar es Salaam ni karibu 400. Ila anayekwenda Moroni kwa kupitia Dar ataruka hizo 400 kuelekea kaskazini, kisha nyingine kama 680 za kurudi kusini-mashariki. Jumla yapata 1,080, mara tatu ya umbali wenyewe, na saa za kusubiri pale Dar bado hazijaingia. Ndiyo maana "ni mbali kiasi gani?" na "nitafika saa ngapi?" ni maswali mawili, wala jibu la moja halitoshi kwa jingine.

Wapo pia wanaochukua kilomita 560 hivi za basi hadi Dar, za Mingoyo, Nangurukuru na Kibiti, wakapigia nazo hesabu ya ndege. Ndege haina haja ya Daraja la Mkapa la kuvukia mto Rufiji.

Na ile dharau kwamba "pangaboi", yaani ndege ya propela, ni ya polepole? Kwa safari ndefu ni kweli, ndege ya jeti inaiacha mbali. Kwa Mtwara–Dar tofauti ni ndogo, kwa sababu sehemu kubwa ya safari ni kupanda na kushuka. Mwendo kasi wa juu haupati nafasi.

Hoja ya vijiweni ninayoipenda ni hii: dunia inazunguka kuelekea mashariki, basi ndege ingepaa tu ikatulia, na Luanda ya Angola, huko magharibi, ingejileta yenyewe. Ina akili, lakini si kweli. Hewa inazunguka pamoja na dunia, na ndege ilikuwa na mwendo huohuo tangu ikiwa chini. Kinachobadilisha saa ni upepo. New York hadi London ni kama saa 7, kurudi hukaribia 8, kwa kuwa huko juu upepo mkali huvuma kutoka magharibi.

Wafanyabiashara wa korosho wanaokwenda Vietnam hukwama kwenye saa za tiketi. Dar hadi Ho Chi Minh City ni kama kilomita 7,700. Moja kwa moja zingekuwa saa 9 hivi. Tiketi huandika saa za kila mji, na Vietnam imetutangulia kwa saa 4. Ukitoa muda wa kuondoka kwenye muda wa kufika bila kupunguza hizo 4, unajiongezea safari isiyokuwepo.

Tarehe nayo inaponza. Tiketi ikisema tarehe 15, 00:40, hiyo ni saa sita na dakika arobaini usiku wa kuamkia tarehe 15. Uwanjani unatakiwa tarehe 14, saa tatu na nusu usiku.