Fanicha za mwaloni za Arts and Crafts: yanayosemwa na yaliyomo chini ya meza

Mtu akikuuzia meza ya kale ya mwaloni na kuapa kwamba "hii ni Arts and Crafts halisi, kazi ya mkono mtupu", usifungue pochi bado. Harakati hiyo, iliyotukuza ufundi wa mkono dhidi ya bidhaa za kiwandani, ilishika kasi Uingereza miaka ya 1880, ikavuka bahari hadi Marekani, na tangu hapo imerundikiwa hadithi ambazo hata wauzaji wenye nia njema huzirudia bila kuinama wakachungulia chini ya meza.

"Mashine zilipigwa marufuku."

Hii ndiyo inayopendwa kuliko zote. Mbunifu wa fanicha Sidney Barnsley, aliyehamia Cotswolds, eneo la vilima huko Uingereza, mwaka 1893 pamoja na kaka yake Ernest na rafiki yao Ernest Gimson, kweli alifanya kazi peke yake: alichora, akapiga randa, akaunga. Lakini Gimson mwenyewe alikuwa mtu wa kuchora zaidi. Kabati zake zilitengenezwa na mafundi waliokuwa chini ya msimamizi Mholanzi, Peter Waals. Na William Morris, kinara wa harakati hiyo, ambaye jina lake hubandikwa kwenye kila kiti cha zamani, fanicha alizobuni mwenyewe ni chache mno. Kwenye kampuni yake kazi hiyo ilikuwa zaidi ya Philip Webb na wengine.

Ukifika Marekani hadithi inavunjika kabisa. Mtengenezaji wa fanicha Gustav Stickley alikuwa na kiwanda jimboni New York, chenye misumeno na randa za mashine, na hakuona aibu: kwake mashine ilikuwa halali mradi imwondolee fundi kazi ya punda. Ndugu zake Leopold na John George walikwenda mbali zaidi. Gogo la mwaloni likipasuliwa kwanza robo nne, kila robo ikakatwa kutoka kwenye kiini kuelekea gome, ubao hutoka na mabaka yanayong'aa. Tatizo ni mguu wa kiti: mabaka hayo huonekana pande mbili tu, pande nyingine mbili zikabaki na mistari ya kawaida. Wao wakaunda mguu kwa vipande vinne vilivyoshikana kuzunguka kipande cha katikati, hivyo kila upande ukang'aa. Umbo la namna hiyo linahitaji mashine. Kwa maoni yangu, huo ni ufundi mkubwa kuliko kuacha makovu ya tezo juu ya meza ili mgeni ajue kuna mkono ulipita.

"Ule weusi ni uzee."

Mara nyingi ni amonia. Mwaloni una tanini nyingi, kitu kilekile kinachokukaza mdomo ukila bibo la korosho. Fanicha ikishaundwa, kabla ya kupakwa chochote, iliingizwa kwenye chumba kisichopitisha hewa, vikawekwa vyombo vyenye amonia kali, mlango ukafungwa kwa saa nyingi au zaidi ya siku. Mvuke ulipokutana na tanini, mbao iligeuka hudhurungi bila brashi kuigusa, ndiyo maana mabaka na vinyweleo vyake bado vinaonekana vizuri. Ila mbao ya karibu na gome ina tanini kidogo, haikolei, kwa hiyo fundi alilazimika kuigusia rangi ifanane na nyingine. Ukikuta ukanda mweupe pembeni mwa ubao, usidhani umebadilishwa juzi.

Hapo ndipo ushauri wa "ipige msasa, itarudi upya" unapoleta msiba. Rangi ya mvuke haiendi ndani sana. Niliwahi kujaribu kwenye stuli yangu: dakika mbili tu, mguu mmoja ukawa rangi ya biskuti na mitatu ikabaki rangi ya kahawa. Vumbi lifute kwa kitambaa, nta ipake kidogo, msasa uache kwenye sanduku. Wakusanyaji hulipia ngozi ya awali, na ikishaondoka hairudi.

Wengine huamini kwamba ulimi wa mbao uliochomoza upande wa pili wa mguu ni ushahidi tosha wa kiungo cha kweli. Walikuwapo watengenezaji wa bei rahisi waliobandika kipande kifupi kwa nje, ndani hakuna kitu. Pitisha kidole kwenye vijiti vilivyopigiliwa kukaza kiungo. Mbao husinyaa kwa upana na si kwa urefu, kwa hiyo baada ya miaka mia vichwa vya vijiti halisi huwa vimeinuka kidogo, unavihisi kabla ya kuviona.

"Isiyo na nembo ni feki."

Barnsley na Gimson kwa kawaida hawakuweka nembo. Na nembo nayo ina mtego wake: panya wa kuchongwa, nembo ya fundi Robert Thompson wa Kilburn, Yorkshire, Uingereza, bado anachongwa na karakana yake ingawa mwenyewe alifariki mwaka 1955. Panya peke yake hakupi umri.

"Zilikuwa samani za watu wa kawaida."

Ndivyo walivyotaka. Lakini kazi ya siku nyingi ina bei yake, na wanunuzi wa Gimson hawakuwa vibarua. Stickley, aliyejaribu kushusha bei kwa kiwanda, alifilisika mwaka 1915. Mwaka 1988 kabati la vyombo lililokuwa nyumbani kwake lilipigwa mnada New York, na mwimbaji Barbra Streisand akalichukua kwa dola 363,000.