Mbadala wa nini hasa?

Wiki iliyopita shoga yangu mmoja alinifungulia kabati la jikoni kwa fahari, utadhani ananionyesha chumba cha bibi harusi. "Tazama," akaniambia, "plastiki nishaiaga. Siku hizi natumia mbadala tupu." Ndani kulikuwa na mifuko ya kila rangi, kijani, buluu, nyekundu, imeshindiliwa mpaka mlango haukubali kufunga. Nilihesabu thelathini nikachoka. Sikumjibu, maana mgeni nilikuwa mie, na chai ilikuwa haijaletwa. Lakini neno hilo nimeshalisikia likitumiwa vivyo hivyo sokoni Mwanakwerekwe, ndani ya daladala, hata kwa mwalimu wa mwanangu, na leo nalitoa kifuani.

Maana yenyewe haina mambo mengi. Kitu mbadala ni kile kinachoshika nafasi ya kingine kikafanya kazi yake. Mfuko mbadala ni mfuko unaoshika nafasi ya ule wa plastiki. Hapo sina ugomvi na mtu. Ugomvi unaanza pale neno linapogeuka kuwa jina la mfuko wa aina moja tu, ule mwepesi wenye mikono miwili unaouzwa kila genge, kisha mwenye genge akakuapia: "Chukua dada, huu si plastiki, huu kitambaa."

Si kitambaa. Mie nashona, kitambaa nakijua. Kitambaa hufumwa, uzi wa mtande ukipishana na uzi wa mshindio. Ukili nao husukwa. Mfuko huu haukufumwa wala haukusukwa. Nyuzi zake hutolewa mashineni zikiwa za moto, zikalazwa ovyo moja juu ya nyingine, kisha zikapitishwa chini ya rola ya moto inayozigandisha nukta kwa nukta. Vile vidoa vidogo vilivyopangika juu ya mfuko wote, ambavyo wengi wanadhani ni mfumo wa uzi, ndiyo alama ya rola. Kama huniamini, kata ukingo wa leso iliyochakaa uchomoe uzi, utakuja mrefu. Kisha jaribu kwenye mfuko huo, utapata manyoya. Na nyuzi zenyewe ni polipropilini, plastiki itokanayo na mafuta ya petroli, ile ile inayofuma mapolo ya mchele na kutengeneza vifuniko vingi vya chupa.

Sasa tulitazame neno, maana ndilo linaloniuma. Shina lake ni la Kiarabu, b-d-l, na limetuzalia watoto wengi: badili, badilisha, badala, mbadala. Ni ndugu, lakini kila mmoja ana nyumba yake. Ukisema kitu kimebadilika, kitu ni kile kile, kilichogeuka ni hali yake. Maziwa yakiganda yamebadilika, lakini ni maziwa. Ukisema badala, basi cha kwanza kimeondoka na kingine kimekaa mahali pake. Kwetu sisi, Waislamu tulio wengi wa madhehebu ya Shafi, mfano upo karibu: hija ya badala. Mtu amefariki hakujaaliwa kufika Makka, anahijiwa na mwenzake. Na anayekwenda kwa niaba ya mwengine sharti awe kwanza ameshajihijia mwenyewe. Hawezi kumlipia mtu deni ambalo na yeye bado analo.

Deni la mfuko ni plastiki. Sasa mfuko ambao wenyewe ni plastiki unamlipiaje mwenzake?

Neno plastiki nalo lingetuzindua kama tungeliuliza lilikotoka. Asili yake ni Kigiriki, na maana yake ni kitu kinachofinyangika. Mfinyanzi na udongo wake, basi, ila huu ni udongo wa kiwandani. Leo kiti, kesho ndoo, keshokutwa mkeka wa maua mekundu sebuleni, na siku hizi nyuzi laini zinazopendeza mkononi. Kazi yake tangu jina lake ni kubadilika umbo. Kwa hiyo ule mfuko mwembamba wa zamani haukupata badala, umebadilika tu.

Zanzibar ilitangulia katika jambo hili, na ni haki yetu kujisifu. Tulipiga marufuku mifuko ya plastiki 2006. Kenya ilifuata Agosti 2017, na Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Hapo Bara ndipo jina "mfuko mbadala" liliposhika kasi, na serikali haikuuacha hivi hivi: ikadai mifuko hiyo iwe na uzito usiopungua gramu 70 kwa mita ya mraba, ili mtu aweze kuirudia mara nyingi. Kuirudia ndiyo ilikuwa shabaha. Ikifika sokoni ikiwa myepesi kama karatasi ya chooni, ikapasukia njiani na tungule zako zikabingirika barabarani, hiyo ni plastiki ya kutumia mara moja iliyovaa kanzu.

Kuna na neno jingine linaloburutwa pamoja na hili, kupunguza. "Nimepunguza plastiki nyumbani." Punguza limetoka kwenye pungua, na pungua halina huruma: mwisho wa hesabu lazima kitu kiwe kichache kuliko mwanzo. Aliyekuwa akileta vifuko vitano vyembamba kwa wiki, na sasa analeta vitano vizito, kwa gramu ameongeza.

Nisije nikaonekana naonea. Mwaka 2011 wakala wa mazingira wa Uingereza ulitoa hesabu ya mifuko kwa kigezo cha joto la dunia. Mfuko wa polipropilini wa namna hii ulihitaji kutumika mara 11 ndipo ulingane na ule mwembamba uliotumika mara moja. Wa pamba ulihitaji mara 131. Ndiyo, pamba! Kwa hiyo hata mie na mikoba yangu ya vipande vya vitenge sina pa kupigia kifua kama nashona mipya kila mwezi. Kikapu cha ukili hakikuwemo katika hesabu hiyo, na wala pakacha, ambalo Pemba mtu hulisuka chini ya mnazi wenyewe, akajaza maembe, na likichoka likatupwa shambani likawa mbolea. Hivyo viwili naviita mbadala bila kusita. Mfuko ule wa polipropilini, ukiuacha msumarini uani, jua la kaskazi moja au mbili linaufanya uchambuke mkononi kama unga, na unga huo hauozi, unangoja masika uteremke na mtaro mpaka pwani.

Basi, shoga yangu, ukiyasoma haya usinune. Ile thelathini usiitupe, utakuwa umeongeza hasara juu ya hasara. Chagua mitatu iliyo mizito, mmoja uweke kwenye pochi, mmoja nyuma ya mlango, mmoja mpe mtoto anayetumwa dukani, na iliyobaki wagaie majirani wasinunue mingine. Na mtu akikuuliza umeaga nini, mwambie umeaga plastiki nyembamba. Hiyo nzito bado unakaa nayo.