Kivuli chenye mwanga ni kivuli gani?

Ukinunua ua la ndani kwa wauza miche wa hapa Tanga mjini, maelezo utakayopewa mara nyingi ni maneno mawili: "Weka kivulini." Mimi nilitii. Nililipeleka ukumbini, katikati ya nyumba, mahali penye ubaridi hata saa saba mchana. Baada ya miezi miwili vikonyo vya majani vilikuwa vimerefuka kama shingo ya yangeyange, vyote vimeinamia mlangoni, na halikuchanua hata mara moja. Niliporudi kulalamika, yule mama aliyeniuzia alicheka. "Mwanangu, nilikwambia kivulini, sikukwambia gizani."

Kivuli chenye mwanga ni mahali ambapo jua halilipigi jani moja kwa moja, lakini mbingu inaonekana. Jua likishazibwa na ukuta, paa au mti, mbingu yenyewe bado inang'aa, na ukuta mweupe wa jirani nao unarudisha mwanga. Mmea wa ndani unaishi kwa huo. Giza, kwa ua, ni pale ambapo jua halipo na mbingu nayo haipo, hata kama wewe unaona vizuri.

Jicho ndilo linalotuponza. Jua la saa sita bila mawingu hufikia kama luksi 100,000, luksi ikiwa kipimo cha mwanga unaoangukia mahali. Barazani, chini ya paa lakini mbele pako wazi, hupatikana luksi 10,000 hivi. Ingia chumbani, sogea hatua chache kutoka dirishani, zinabaki mia chache tu. Mboni ya jicho hutanuka na kufidia, kwa hiyo tunasoma gazeti bila taabu pale pale ambapo ua linakufa njaa. Nasema njaa kwa makusudi, maana jani hujipikia sukari kwa mwanga. Jiko likizimika, mizizi nayo hunywa kidogo, maji yanatuama chunguni, majani yanaanza kulegea. Mwenye ua akiona hivyo anadhani ni kiu, anaongeza maji. Mizizi inaoza.

Mfano mzuri zaidi wa dhana hii tunao milimani kwetu. Lile ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya, linalopangwa madirishani Ulaya na Marekani, asili yake ni misitu ya Usambara. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka mbegu kwa baba yake Ujerumani, na mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akaliita Saintpaulia, jina la ukoo huo. Porini halioti juani, wala halioti pangoni. Hushika kwenye nyufa za miamba yenye unyevu, juu yake miti mirefu inachuja jua kama chujio la tui. Hicho ndicho kivuli chenye mwanga. (Ukipanda hadi Amani, huko huko milimani Usambara, ukaliona, litazame tu uliache. Yamebaki machache porini, nayo ya kununua huzalishwa kwa urahisi kutokana na jani moja lililochomekwa kwenye udongo.)

Vivuli basi havilingani. Cha mnazi ni chepesi, kinacheza na upepo, na vijua vidogo hupenya. Mimea mingi yenye majani mapana hukifurahia. Cha mwembe ni kizito, na chini yake hata nyasi za kawaida hazioti vizuri. Cha ukuta, kukiwa na uwazi juu, ndicho ninachokipenda, kwa sababu hakibadiliki ghafla. Ukitaka kukipima, weka karatasi nyeupe pale unapotaka kuweka chungu, saa sita mchana, ushike kiganja juu yake umbali wa rula moja. Kivuli cha kiganja kikiwa na kingo kali, hilo ni jua. Kikionekana lakini kingo zimefifia, umepata unachotafuta. Usipokiona kabisa, tafuta pengine.

Hapa ndipo maelezo ya vitabu vya Ulaya yanapotupoteza. Kule wanaambiwa dirisha la kusini ndilo lenye jua mwaka mzima, na kwao ni kweli. Tanga iko nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta, na jua letu linahama. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba linapita utosini. Katikati ya vipindi hivyo, miezi ya kusi, upepo utokao kusini, linapita upande wa kaskazini. Likishavuka Oktoba, miezi ya kaskazi, upepo utokao kaskazini, linapita upande wa kusini. Kwa kukumbuka: jua liko kule upepo unakokwenda. Baraza lililokuwa kivuli Julai linaweza kuunguza majani Januari, na watu wakasingizia mbolea.

Mashariki na magharibi hazina fumbo kubwa. Jua la saa moja hadi saa tatu asubuhi ni la upole, na maua mengi ya ndani huvumilia. La alasiri hukuta ukuta umeshapata moto tangu mchana, jani linachemka.

Si kila ua linataka mambo haya. Asumini, waridi na rehani ni ya juani. Ukiyafungia ndani kwa huruma yatakupa majani bila harufu ya maana, na kikuba hutakipata. Nayo yaliyozoea kivuli usiyapeleke juani kwa siku moja, hata kama unaona yamedhoofu. Jani lililokulia kivulini ni laini, na hubabuka likawa na mabaka meupe yasiyopona. Lisogeze ua kidogo kidogo kwa wiki mbili.

Langu sasa liko baraza la upande wa kusini, karibu na ukuta uliopakwa chokaa, na limeshatoa machipukizi matano. Ikifika Oktoba nitalihamishia upande wa pili wa nyumba.