Je, wajua kwa nini hina hufutika lakini tatuu haifutiki?

Bibi harusi wa Lamu hutiwa hina mikononi na miguuni ikakolea vizuri, lakini wiki mbili tatu zikipita maua yale yameshapauka. Aliyechanjwa tatuu kwa sindano huzeeka nayo. Ngozi ni ileile, kinachotofautiana ni kina. Hina hushika tabaka la juu, la seli zilizokwisha kufa, ambazo hupukutika kila siku. Wino wa tatuu hufika chini zaidi, penye mishipa ya damu, na huko hukutana na makrofaji.

Hizi ni seli za kinga zinazomeza kila kilicho kigeni. Wino huumeza, ila kuusaga hushindwa, basi hukaa nao. Mwaka 2018 watafiti wa Marseille, Ufaransa, waliziua makrofaji zenye wino kwenye ngozi ya panya, na alama haikufifia: makrofaji mpya zilikuja zikaumeza wino uleule uliomwagika.

Aliyezigundua ni mwanazuolojia Élie Metchnikoff. Mwaka 1882, huko Messina, Italia, alimdunga mwiba wa mwaridi mtoto mchanga wa kiti cha pweza, mnyama yuleyule ambaye watoto wa Shela, Lamu, humwokota maji yakipwa. Kulipokucha, seli zilikuwa zimeuzingira mwiba. Mwaka 1908 alipata Tuzo ya Nobel, na kwa maoni yangu aliistahili hasa, kwani alipozigundua wengi waliamini seli hizo husambaza vijidudu.

Kumeza si kazi yao pekee. Makrofaji hutoa kemikali zinazoita seli nyingine, ndiyo maana kidonda huvimba na kupata joto. Huonyesha vipande vya kijidudu kwa seli T, aina nyingine ya seli za kinga, ili zimtambue adui. Baadaye hubadilika, zikafagia mabaki na kusaidia nyama kuota upya.

Bakteria wa kifua kikuu, hata hivyo, wamejifunza kuishi humo humo. Wakimezwa na makrofaji za mapafu, huzuia kusagwa, wakatulia hata kwa miaka. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa takriban robo ya watu duniani wameambukizwa; asilimia 5 hadi 10 kati yao huugua maishani. Virusi vya Ukimwi huua seli T zinazozipa makrofaji nguvu, na hatari ya kuugua kifua kikuu ikapanda sana. Dozi ya kawaida ya kifua kikuu ni miezi 6. Kikohozi huweza kukoma mapema, lakini bakteria waliojificha bado wapo, na dawa ya miezi iliyobaki ni ya kuwamaliza hao.