Paka wa Sokoke si mkorofi, amezoea kupanda

Juzi mama mmoja wa Ganjoni aliniletea paka ndani ya kikapu cha ukindu, kifuniko kimekazwa kwa kamba. "Daktari, huyu hatulii. Jana nimemkuta juu ya fimbo ya pazia." Nilipolegeza kamba tu, paka aliruka, akatua juu ya kabati la dawa, akakaa kututazama.

Mama huyo alipewa paka na nduguye wa Watamu, na nilipomtazama vizuri sikushangaa: ni paka wa Sokoke, aina ya paka wa msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya. Miguu ya nyuma mirefu kuliko ya mbele, hivyo akitembea ni kama ananyata kwa ncha za vidole. Manyoya mafupi, yamelala mwilini, karibu hayana sufu laini ya chini. Unywele mmoja mmoja una rangi ya giza na ya kahawia nyepesi, ndiyo maana mabaka yake yanaonekana kama gome la mti. Wagiriama humwita kadzonzo kwa sababu hiyo hiyo.

Hukereka nikisoma kwamba "aligunduliwa" 1978. Mwaka huo Jeni Slater, aliyekuwa na shamba la minazi kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, aliwakuta watoto wa paka hawa akawalea. Mwaka 1984 wachache wakapelekwa Denmark, na miaka ya 1990 wakatambuliwa Ulaya kama aina kamili. Hayo ni kweli na yana heshima yake, lakini wenyeji walikuwa na jina lake tayari.

Wala si mseto wa chui au paka pori. Vipimo vya vinasaba vimemweka katika kundi la paka wa Asia, na ana undugu na paka wa mitaani Lamu. Kwa mtu wa pwani hilo linaeleweka. Majahazi ya kaskazi yalibeba nafaka, na penye nafaka pana panya, na penye panya paka hakosi. Huenda wazee wake walishuka bandarini, wakaingia msituni, wakaishi kwa kupanda na kuwinda.

Sasa mlete paka huyo kwenye ghorofa ya vyumba viwili, madirisha yamefungwa, mwenyewe yuko kazini mchana kutwa. Atapanda pazia, kwani atapanda nini kingine? Si paka wa kupakatwa saa nzima. Huchagua mtu wake, akamfuata chumba hadi chumba, akazungumza naye, na nyumba ikiwa na ugomvi hujificha. Kumpiga ni kumpoteza. Kuaminiana naye huchukua miezi.

Nilimdunga chanjo, nikamwambia mama atafute shina la mkungu mkavu, alisimamishe ukutani, na juu yake apigilie rafu pana karibu na dirisha lenye wavu. Kila jioni, kabla ya chakula, wacheze dakika 15 kwa kamba yenye unyoya.

Jana kanipigia simu. Paka amehamia kwenye rafu, anawatazama kunguru.